Emacs Inapogoma Baada ya Kusasishwa: Mwongozo kwa Wanaoiendesha Nyuma ya Pazia

Umesasisha kompyuta yako jana usiku. Asubuhi unaita Emacs kama ulivyozoea, dirisha halifunguki, na terminali inakujibu kwamba soketi haionekani. Kabla ya jambo lolote, tunakuomba usifute kitu. Hasa usiguse folda ya ~/.emacs.d. Wapo waliofuta mipangilio waliyoijenga kwa miaka mingi, kumbe mipangilio hiyo haikuwa na kosa.

Tangu toleo la 23 la mwaka 2009, Emacs inaweza kuwashwa mara moja kwa amri ya emacs --daemon, ikakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila dirisha lolote. Hiyo ndiyo seva. Ukitaka kuandika, unaiita kwa emacsclient, na dirisha linafunguka papo hapo kwa sababu mipangilio ilikwisha kusomwa. Seva na anayeiita hukutana kwenye soketi, faili dogo la pekee ambalo kazi yake ni kupitisha ujumbe.

Sasa angalia kinachotokea unaposasisha. Chukua mtu anayetoka Debian 12 kwenda Debian 13: Emacs yake inatoka toleo la 28.2 hadi 30.1. Mafaili ya zamani yaliyokuwa ndani ya /usr/share/emacs/28.2 yanaondolewa kwenye diski, mapya yanaingia. Lakini seva iliyowashwa kabla ya hapo haijafa. Ni kama mpishi aliyebaki jikoni wakati ghala limehamishwa: viungo alivyokwisha kuvichukua anapikia vizuri, ila akimtuma mtoto ghalani kuleta bizari, mtoto anarudi mikono mitupu. Ndiyo maana Emacs ya namna hii huandika bila shida kwa saa nzima, kisha ukifungua aina ya faili ambayo hukuifungua tangu seva iwake, inalalamika kwamba haipati faili la kupakia. Hakuna kilichoharibika. Seva ni ya zamani, na inahitaji kuzimwa na kuwashwa upya.

Hatari iko hapo kwenye kuizima, kwa sababu ndani yake huenda yamo maandishi ambayo hujayahifadhi. Kwanza tazama kama iko hai:

pgrep -a emacs

Usishangae ukiona mbili. Wengi wetu tunaiita Emacs kwa emacsclient -c -a "", amri inayowasha seva mpya pale isipoikuta iliyopo. Ni amri nzuri siku zote isipokuwa siku kama hii: isipoiona soketi, inakuwashia seva ya pili, na ile ya kwanza inabaki peke yake na kazi yako. Ukiona dirisha jipya halina mafaili uliyoyaacha wazi jana, simama hapo hapo na uitafute ya kwanza.

Ikiwa seva ya zamani bado inaitika, hifadhi kila kitu:

emacsclient -e '(save-some-buffers t)'

Ikiwa haiitiki lakini dirisha lake liko wazi, ingia humo ubonyeze C-x s. Ikiwa haina dirisha wala haiitiki, izime kwa kill na namba yake uliyoiona kwenye pgrep, bila kuongeza -9. Ukiizima kwa upole, Emacs hupata nafasi ya kuweka nakala za dharura za mafaili uliyokuwa ukiyahariri, nawe utazirudisha faili moja moja kwa M-x recover-file. Ukitumia -9 unainyima nafasi hiyo. Maandishi ya kwenye *scratch*, kwa kuwa hayana faili, hayaokolewi kwa njia yoyote kati ya hizi. Yanakili mwenyewe mapema.

Baada ya hapo, anayetumia systemd aandike systemctl --user restart emacs. Asiyeitumia aizime kwa emacsclient -e '(kill-emacs)', amri ambayo haiulizi kama umehifadhi, kisha aiwashe tena.

Soketi yenyewe nayo ilihama. Kuanzia toleo la 27.1 la mwaka 2020, Emacs huitafuta kwanza penye XDG_RUNTIME_DIR, ambapo kwenye Linux nyingi ni /run/user/1000/emacs, badala ya /tmp/emacs1000. Namba 1000 ni ya mtumiaji. Yako utaipata kwa id -u. Skripti yoyote uliyoandika zamani ikitaja njia ya /tmp, irekebishe. Na amri zinazoendeshwa na cron mara nyingi hazina XDG_RUNTIME_DIR kabisa, kwa hiyo zitajie njia kamili kwa -s.

Seva ikikataa hata kuwaka, kosa huenda limo kwenye mipangilio. Washa seva tupu ya jaribio, isiyosoma mipangilio yako:

emacs -Q --daemon=jaribio
emacsclient -s jaribio -c

Hii ikiwaka, programu ni nzima. Endesha emacs --debug-init uone mstari unaokwama. Mara nyingi tumekuta ni vifurushi vilivyokusanywa na toleo la zamani. Kwenye toleo la 29 na kuendelea, M-x package-recompile-all huvikusanya upya.

Na kama kila kitu kinafanya kazi ila herufi zimebadilika sura, kumbuka kwamba seva husoma mipangilio kabla ya kuwa na dirisha. Sharti lolote linalouliza kama kuna skrini ya picha litajibiwa hapana. Hamishia mipangilio ya herufi kwenye server-after-make-frame-hook, nayo itasomwa kila emacsclient inapofungua dirisha.