Mtoto anayejua jibu aachwe aseme

Siku hizi wazazi wengi wa mijini huwanunulia watoto wao vitabu vya picha, na vingi kati ya hivyo vinafundisha jambo moja: mtoto ajiamini na asione haya kuwa alivyo. Wapo pia wazazi wanaoviogopa. Wanasema hayo ni mafunzo ya kigeni, na kwamba mtoto akishaambiwa ajiamini atawapanda wakubwa kichwani. Hoja hii si ya kupuuzwa, na ndiyo ninayotaka tuitazame leo.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kuna kumsifu mtoto na kuna kumwamini. Mtoto anayeambiwa kila siku kuwa yeye ni bora kuliko wenzake hupata kiburi. Mtoto anayepewa kazi, akasikilizwa na akaachwa aimalize, hupata kujiamini. Vitabu navyo vinatofautiana kwa kipimo hicho hicho.

Chukua kitabu cha Elmer, kilichoandikwa na David McKee wa Uingereza na kutoka mwaka 1968. Elmer ni tembo mwenye mabaka ya rangi nyingi, ambaye hujipaka rangi ya matunda ya porini ili afanane na tembo wenzake, na mwisho anaonekana wazi kuwa ni yule yule. Ni kitabu kizuri kwa mtoto anayechekwa kwa sura yake. Hata hivyo, lipo swali jingine linalowagusa zaidi watoto wetu, nalo si la sura bali la sauti: je, mdogo akiwa na jambo la maana, nani atamsikiliza?

Swali hilo limejibiwa na Mtanzania mwenzetu, John Kilaka, mchoraji anayetumia mtindo wa Tingatinga. Kitabu chake kiitwacho The Amazing Tree kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2009, baada ya kuchapwa Ulaya kwa Kijerumani. Kuna ukame, na wanyama wenye njaa wanaona mti uliojaa matunda, lakini matunda hayaanguki. Kobe mwenye hekima ndiye anayejua jina la mti huo. Sungura anajitolea kwenda kumuuliza, anaambiwa ni mdogo mno. Wakubwa wanakwenda, wanatajiwa jina, na njiani wanalisahau. Mwishowe anatumwa sungura, naye analifikisha: Ntungulu Mengenye. Matunda yanaanguka na wote wanakula.

Angalia, ndugu msomaji, kwamba sungura huyo hakumtukana mkubwa yeyote. Aliomba, alikataliwa, alisubiri, na alipopewa kazi aliifanya kwa faida ya wote. Hapo utovu wa adabu uko wapi?

Nimewahi kukipeleka kitabu hicho Mwankoko, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida, kwa watoto wa ukoo wetu. Huko mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza akiwa anazungumza Kinyaturu vizuri kuliko Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia. Nilisimulia kwa Kiswahili, kisha nikawapa kitabu wakirudie kwa kutazama picha. Wakubwa walisema sentensi mbili tatu wakanyamaza. Binti mmoja wa miaka saba, ambaye muda wote hakuwa amefungua mdomo, alikichukua akaanza kusimulia kwa Kinyaturu, ukurasa baada ya ukurasa. Wenzake wakamcheka kwa kuwa hakutumia Kiswahili. Bibi yao akawakemea: “Mwacheni amalize.” Akamaliza, na hakuruka tukio hata moja.

Hapa ndipo ilipo faida ya kitabu cha picha. Picha haina lugha. Mtoto ambaye hajajua kusoma, au ambaye darasani anaonekana mzito kwa sababu ya lugha, anaweza kuthibitisha kwamba ameelewa. Lakini kitabu peke yake kisingetosha. Bila ya neno la yule bibi, kicheko kingemnyamazisha.

Wanaodai kuwa haya ni mambo ya kigeni wakumbuke kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba juu ya mti usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Abdullah bin Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote barazani, alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa waliokuwa kimya. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar (r.a.) hakumsifu kwa kunyamaza. Alimwambia kuwa angefurahi mno kama angelisema.

Basi tufanye nini? Kwanza, tunaponunua kitabu tutazame nani anatatua tatizo. Kama ni mtoto au mdogo anayetatua kwa akili na bidii, tununue. Kama ni maneno ya sifa tu, tukiache. Pili, tusikisome kama hotuba. Tusimame kwenye picha tuulize: unaona nini, wewe ungefanyaje? Kisha tunyamaze, hata kama jibu linachelewa. Tatu, mdogo aanze kujibu kabla ya kaka na dada zake, na asichekwe kwa lugha anayotumia. Nne, pasipokuwa na kitabu, daftari na kalamu za rangi zinatosha. Mtoto achore kisa chake, mzazi aandike maneno chini yake.

Vitabu vya Kiswahili navyo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa hapa nchini mwaka 1991 kwa lengo hilo la kuwezesha vitabu vya watoto kuandikwa, kuchapwa na kufika mashuleni. Tuviulizie madukani badala ya kungoja vya nje tu.

Jambo hili si la mchezo. Mtoto aliyezoeshwa kwamba adabu ni kunyamaza hatanyamaza mbele ya wageni tu. Atanyamaza akiumwa, atanyamaza asipoelewa somo, na atanyamaza pia siku mtu mzima atakapomfanyia ubaya na kumwambia asiseme. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kujua mapema kwamba nyumbani kwao akisema, atasikilizwa.