Nukta ikielea, iache ielee

SWALI: Mwalimu, upinde wangu ni wa kapi, ratili 50. Nikilenga, nukta ya kulengea haitulii, na nikijikaza ndiyo kwanza mkono unatetemeka. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi, Unguja

JIBU: Hakuna mkono unaotulia kama jiwe. Hata mabingwa wanaoshindana mita 50 nukta yao huelea. Kosa ni kuifukuza: ikipita katikati unafyatua kwa pupa, mshale unakwenda kombo.

Mimi huanza na urefu wa mvuto. Ukizidi mwili wako, utaegemea nyuma, bega litapanda, kiwiko kitakakamaa, na mazoezi ya mwaka mzima hayatauondoa mtetemo huo. Halafu uzito. Keti kitini, uvute bila kuuelekeza upinde juu. Ukishindwa, upunguze kwa kadiri mtengenezaji alivyoruhusu. Usidanganywe na wepesi wa mwisho: kapi zikishageuka, upinde wa ratili 50 unaopunguza asilimia 80 hukuachia ratili 10 tu za kushikilia, lakini misuli imeshachoka njiani.

Mpini usiukamate. Ukae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vilegee. Macho yabaki kwenye shabaha, mgongo uendelee kuvuta, mshale utoke wenyewe. Jifunze hilo mita 3 tu kutoka kwenye kizuizi cha mishale, bila kulenga chochote. Sekunde 8 zikipita hujaachia, rudisha kamba taratibu, pumua, anza upya. Ila usifyatue kamba tupu hata kwa mzaha; upinde unaweza kupasuka mikononi mwako.