SOMO: MITA KUSOMWA KWA MBALI KWA NJIA YA REDIO

Somo hili linaeleza kwa muhtasari namna mita ya umeme au ya maji inavyoweza kusomwa pasi na msomaji kubisha hodi, pamoja na haki na wajibu unaofuatana na jambo hilo.

1. Utendaji wake. Ndani ya mita hutiwa redio ndogo, ambayo kwa nyakati maalumu hurusha hewani namba ya mita na kipimo chake. Ujumbe hupokelewa na kituo kilichofungwa juu ya nguzo au mnara, kisha hupelekwa kwenye kompyuta ya shirika, aghalabu kwa mtandao wa simu. Katika mifumo mingine mita hupokezana ujumbe, jirani kwa jirani, mpaka ufike. Mita ya maji hutegemea betri. Kwa hiyo hurusha ujumbe mfupi, ili betri idumu miaka mingi. Ifahamike kuwa kuta nene za mawe na chokaa, mfano wa zile za Mji Mkongwe, hudhoofisha mawimbi. Hivyo basi, upimaji hutangulia ufungaji.

2. Faida zake. Mita isiyofikiwa kwa mbali humtwisha mteja kazi. Mita za LUKU za Tanzania Bara zilitumia hesabu ya dakika iliyoanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza kwa mkono makundi mawili ya tarakimu 20, ndipo waingize lile la umeme walionunua. Mita inayopokea maagizo kwa redio inaweza kurekebishwa kutoka afisini. Kadhalika, mita ya maji inayoonyesha maji yakipita usiku kucha, watu wakiwa wamelala, hutoa ishara ya bomba linalovuja.

3. Amana. Kipimo cha kila nusu saa hufichua saa ya watu kuamka na siku ambazo nyumba haina mtu. Kwa sababu ya hofu ya namna hiyo, mwezi wa Aprili 2009 Baraza la juu la Bunge la Uholanzi lilikataa kuwalazimisha wananchi kufungiwa mita hizo. Mtumishi anayeona takwimu hizo ameshika siri ya nyumba ya mtu. Haifai kumpa jirani, jamaa wala rafiki.

4. Wajibu wa mwananchi. Redio haipimi; hupeleka tu kilichopimwa. Uso wa mita ndio shahidi. Kila mwisho wa mwezi mwananchi aandike kipimo na tarehe, kisha alinganishe na hati ya madai. Zikitofautiana, aende na maandishi yake katika afisi inayohusika, na mtumishi asimrejeshe kwa kusema kuwa kompyuta haikosei, bali aifuate mita ilipo na kuisoma kwa macho.