Matope ya Buluu

Agosti 2022 mtoto wa mwisho wa senge, shangazi yangu, alitahiriwa kwao Bungoma. Sisi Babukusu hutahiri mwaka wa shufwa, na tohara hairudiwi eti mpiga picha apate nafasi ya pili. Nilikuwa na kamera yangu, Canon 700D ya mtumba. Kijana alitoka mtoni alfajiri amepakwa matope mwili mzima, jani la nyasi limesimama utosini. Nilipiga picha zaidi ya 600, nikarudi Kitale kuzirembesha. Niliyojifunza kuhusu kuchagua kompyuta ya kazi hiyo ni haya.

1. Kioo kwanza. Laptopu yangu niliinunua kwa sababu ya kibandiko cha prosesa ya i7. Kioo sikukiangalia hata kidogo, kumbe kilikuwa na rangi ya manjano. Nami, kwa kutojua, nikawa naivuta kila picha kuelekea buluu mpaka matope yakakaa sawa machoni pangu. Tena mwangaza nilikuwa nimeufungulia wote. Nilienda kuosha picha, nikatia moja kwenye fremu, nikapanda matatu ya kupitia Kiminini na Webuye nikiwa na furaha tele. Senge aliishika kwa mkono mmoja, akaisogeza dirishani. "Mwanangu, huyu mbona umempaka wino?" Matope yalikuwa ya buluu, na uso wa kijana ulikuwa giza tupu.

Siku hizi nikienda dukani nabeba flashi yenye picha ya uso wa mtu. Naifungua kwenye laptopu, nakaa mbele yake, kisha naulaza mfuniko nyuma polepole na kuurudisha. Uso ukigeuka kama negativu, hicho ni kioo cha TN, naaga. Natafuta IPS.

2. RAM na SSD hushinda kibandiko. Picha moja ya RAW kwenye kamera yangu ni kama MB 25, kwa hivyo 600 ni GB 15. Kwenye diski ile ya kuzunguka, ungefungua picha uende kuchemsha chai. Nilitia SSD na kufikisha RAM GB 16, na mashine ileile ikawa nyingine. Uliza kama RAM ina nafasi ya kuongezwa; nyingine zimechomelewa kwenye bodi, na hapo fundi hana la kukusaidia.

3. Eksi-UK si aibu, ila pima betri. Mashine za ofisi zilizostaafu ni ngumu kuliko nyingi mpya za bei hiyo. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo betri iliozaliwa nao na ule iliobaki nao. Moja niliyokaribia kuilipia ilizaliwa na mWh 50,000, ikabaki na 19,000. Muuzaji akasema, "Boss, hiyo ni programu tu inadanganya." Nilimshukuru, nikaondoka.

4. Stima. Kwa pesa zilezile kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi, lakini Kitale mvua ya jioni ikianza, stima nayo huaga. Ukichukua ya mezani, weka bei ya UPS kwenye hesabu tangu mwanzo. Mimi nilibaki na laptopu, nikaiunganisha na monita ya IPS ya mtumba. Stima ikipotea monita inazima, kazi haipotei.

5. Programu si lazima ulipie dola kila mwezi. Darktable ni ya bure. Wiki mbili za kwanza utaitukana.

6. Nakala mbili, miji miwili. Diski moja iko kwangu, ya pili iko Bungoma kwa senge, kwenye kabati la vikombe vya wageni.

Nilipompelekea picha mpya, matope yakiwa ya kijivu kama yalivyokuwa asubuhi ile, aliitazama sana, akaiita nzuri, akaiweka kwenye kabati hilohilo. Ile ya buluu bado iko ukutani. Anasema fremu yake ni ya bei.