Somo la 14: Ndege Wawili wa Taita

Milima ya Taita iko Kenya, karibu na mji wa Voi. Chini yake ni nyika kavu. Juu yake kuna ukungu, mashamba na misitu midogo. Huko wanaishi ndege wawili waimbaji.

Wa kwanza ni shore. Kichwa chake ni cheusi, mgongo ni wa kahawia, na chini ya mkia ana rangi ya manjano. Huimba asubuhi karibu na nyumba. Hula matunda na wadudu. Hujenga kiota katika kichaka cho chote.

Wa pili ni apalisi wa Taita. Yeye ni mdogo kuliko shore. Mgongo wake ni mweusi-mweusi, tumbo ni jeupe, na mkia ni mrefu. Hutafuta wadudu katika vichaka vya msituni. Duniani kote hapatikani ila Taita.

Shore ni wengi. Apalisi ni wachache sana. Kwa nini?

Watu walikata miti ya asili ili wapate mashamba, kuni na mbao. Msitu ukabaki vipande vipande, kama Ngangao, Chawia na Vuria. Kati ya vipande hivyo kuna mashamba. Shore huishi humo bila shida. Apalisi hutaka msitu. Kipande chake kikiharibika, hana pa kuhamia.

Wataalamu wa dunia wameweka orodha ya viumbe. Shore hayumo hatarini. Apalisi yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mkulima atauliza, "Ndege huyu ananifaa nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini tazama: msitu wa apalisi hunasa ukungu, na mizizi yake hushika udongo. Maji huingia ardhini, kisha hutoka polepole katika chemchemi. Anayelinda msitu wa apalisi analinda pia mtungi wake wa maji.

Tufanye nini? Tupande miti ya kuni mpakani mwa shamba. Tusichunge mifugo msituni. Tusifyeke vichaka vya msituni. Palipo wazi kati ya misitu, tupande miti ya asili.

Maneno mapya
kutoweka: kwisha kabisa, asibaki hata mmoja
kunasa: kukamata, kushika

Maswali
1. Shore hula nini?
2. Kwa nini apalisi ni wachache?
3. Msitu unasaidiaje chemchemi?
4. Zungumzeni darasani: Ni ndege gani waliopungua kijijini kwenu? Kwa nini?