Zebaki katika Sombe

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa Nundu,

Huku Fizi zebaki huchomwa ili dhahabu ibaki. Moshi wake huingia mapafuni, na majani ya sombe huuvuta. Kuosha huondoa vumbi tu. Kupika hakuondoi zebaki.

Wapimaji huuliza mawili: ni kiasi gani, na ni ya namna gani? Ile iliyo katika majani, nyingi yake huumiza figo. Lakini kwenye matope vijidudu huigeuza kuwa metili-zebaki. Hiyo hufika kwenye ubongo, hata wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo iliyolemaza watu wa Minamata, Japani, waliokula samaki. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Mpunga pia huikusanya.

Basi, usichome zebaki nyumbani wala karibu na shamba. Usipande mpunga penye matope ya kuoshea dhahabu.