Bei ya Sahani Moja

SWALI: Tunafanya harusi ya mdogo wangu kwenye hoteli ya nyota tano Dar es Salaam, wageni 200. Niulize nini kabla ya kulipa malipo ya awali?

JIBU: Dada, uliza kwanza kama bei imejumuisha VAT. Sahani ya shilingi 100,000 kwa watu 200 ni milioni 20. Ikiongezwa asilimia 18, ni milioni 23.6. Kamati nyingi za harusi hukwama hapo, michango ikiwa imeshapangiwa matumizi.

Kubwa zaidi ni idadi ya uhakika ya wageni. Ukishaithibitisha, kwa kawaida utailipia hata viti vikibaki vitupu. Kadi ya mwaliko ya “double” ihesabu kama watu wawili. Kwa vyumba vya wageni wa mikoani, omba punguzo la kundi. Usilipe kabla haya hayajaandikwa kwenye mkataba.